Joto la Jumapili Saa Kumi

Mtaani walimwita Baridi, na jina lilimganda tangu ujanani, alipokuwa akizunguka na mtungi wa gesi begani kufufua majokofu ya watu. Alikuwa fundi wa friji kwa miaka arobaini kasoro. Ukimwambia, "Fundi, njoo ulitie friji langu baridi," alikusahihisha papo hapo, kabla hata hajafungua sanduku la vifaa. "Baridi hailetwi," angesema. "Mimi naondoa joto. Joto likishatoka, kinachobaki ndicho hicho unachokiita baridi." Wateja waliitikia ili amalize haraka. Yeye alidhani wameelewa.

Sasa amestaafu, kama fundi anavyoweza kustaafu, yaani haendi tena kwa watu lakini watu bado wanakuja kwake. Anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu. Kimoja analala, kimoja ni sebule, na cha tatu, kilichokuwa cha binti yake wa pekee, kinanguruma kutwa kucha.

Kinachonguruma humo ni mashine tatu za kuchimba sarafu za mtandaoni. Kuchimba ni neno tu. Hakuna jembe wala shimo. Ni maboksi ya chuma, kila moja urefu wa mkono hadi kiwiko, yanayopiga hesabu bila kupumzika, na kwa kupiga hesabu huko mwenyewe hupata vipande vya sarafu ambayo hakuna aliyewahi kuishika. Fundi hakujali sana upande huo. Alichokielewa siku ya kwanza, alipoweka kiganja nyuma ya boksi moja akakitoa mbio, ni kwamba kila moja linakula umeme kama pasi tatu na kuutapika wote kama joto. "Hizi si mashine," alimwambia binti yake. "Haya ni majiko yaliyosoma."

Binti alizinunua kwa akiba yake alipokuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu. Hata miezi minne haijaisha, akapata kazi nchi ya mbali, kazi ya aina ambayo mtu haikatai. Alipofunga begi aliacha chumbani kitanda na mashine. "Baba, niangalizie," alisema mlangoni. "Mimi nitakuwa naziona kwenye simu. Joto likizidi, kengele italia kwangu, nitakupigia." Fundi akasema sawa, nenda mwanangu, akaitazama teksi hadi ilipokata kona. Halafu akaingia ndani akaanza kupima waya.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya raha, ingawa wakati ule mwenyewe hakujua kwamba ni raha. Mashine zilikuwa zinachemka. Soketi ya kwanza iliyeyuka pembeni, simu ikaita. Feni ya dirishani ikawa inazungusha hewa ile ile ya moto, simu ikaita. Vumbi likaziba chujio, simu. Binti alipiga kabla ya kazi, akapiga akiwa anakula, siku nyingine mara tatu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Hazijambo?"

"Hazijambo, ila hii ya katikati imefika nyuzi themanini na saba."

Ndivyo walivyoziulizia, kama watoto walioachiwa babu. Baada ya hapo wangeongea nusu saa nzima, yeye akiwa amelala kifudifudi chini ya meza na tochi kwapani, binti huko aliko akichora na kutuma picha. Na humo humo katikati ya vipimo vya waya, maneno mengine yalikuwa yanapenya: kwamba huko upepo unauma masikio, kwamba jirani yake ana mbwa anayevalishwa koti, kwamba ameunguza sufuria mpya ndani ya wiki moja.

Lakini fundi ni fundi. Hawezi kuona kitu kinachemka akakiacha. Alivuta waya wa milimita kumi moja kwa moja kutoka kwenye mita, akaufungia swichi yake peke yake, na kila mashine akaipa soketi nzito isiyotetereka. Akagawa chumba kwa ukuta wa mbao, akatoboa matundu matatu ya vipimo vya mashine, akazichomeka humo, nyuso zimeelekea dirishani na migongo kwenye kichumba cha nyuma. Hewa safi ikawa inaingia huku na ya moto inatoka kule, bila kukutana. Kwenye ukuta wa nje akafunga feni kubwa aliyoitoa kwenye chumba baridi cha bucha lililofungwa, na kwenye tundu lake akaweka kibao cha kuteleza, cha kuzuia mvua. Wiki tano zilikwenda. Alipowasha, joto lilishuka hadi sitini na moja, likakaa hapo kama limepigwa msumari.

Binti alipiga huku anacheka. "Baba, umezipatia. Hata huku kazini hatuna kitu kama hicho. Sasa sina sababu ya kukusumbua tena."

Na kweli hakumsumbua. Wiki ikapita, ikapita nyingine. Simu ikawa ya mwezi mara moja, halafu ikawa ujumbe wa kidole gumba. Fundi akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ule ukuta wa mbao, anaitazama sitini na moja kwenye kioo kidogo cha kipimajoto, na anaichukia. Alikuwa amefanya kazi nzuri kuliko zote za maisha yake, na ndiyo iliyomnyamazisha mwanawe.

Utasema, si apige yeye? Simu anayo, vidole anavyo. Lakini simu ya kwanza ambayo fundi aliwahi kumpigia binti yake kwa mkono wake mwenyewe ilikuwa miaka saba iliyopita, saa tano asubuhi, binti akiwa darasani chuoni. Alimpigia kumwambia mama yake amefariki. Kabla ya siku hiyo mama ndiye aliyekuwa anapiga, na baba alikuwa ile sauti ya nyuma inayosema "msalimie". Baada ya mazishi alijaribu mara mbili, kwa salamu tu, na mara zote mbili binti alipokea sauti ikimtetemeka: "Baba, kuna nini? Nani?" Ilichukua muda kumtuliza, na mazungumzo yaliyofuata hayakuwa na ladha. Hapo fundi akaapa kwamba jina lake halitaonekana tena kwenye kioo cha simu ya mwanawe kumshtua. Apigiwe, asipige.

Nyumba ya pili anaishi dada yake mdogo, ambaye ni dobi. Huyo ndiye mtu pekee mtaani aliyefaidika na mashine waziwazi. Tundu la feni linatoa hewa ya moto uani kwa fundi, na dobi, tangu aligundue, hajapiga magoti tena kuomba jua. Alileta kichanja chake cha kuanikia, akakipanga mbele ya tundu, akawa anakausha shuka za wateja kwa saa moja, msimu wa mvua akiwacheka madobi wenzake.

Jumapili moja ya mawingu alianika blanketi zito la mteja karibu mno. Upepo ulivuma kidogo tu, blanketi likanyanyuka likagandia kwenye tundu. Fundi alikuwa sebuleni. Alikuwa amesinzia, na alipozinduka mlio wa feni ulikuwa umeshakuwa mzito kitambo; kabla hajainuka, saa kumi kamili, simu ikaita.

"Shikamoo, Baba. Hazijambo? Naona ya katikati imefika themanini na nane."

Alitoka mbio hadi uani na simu sikioni, akaliona blanketi, akalishika pembe. Hakulivuta. Miezi miwili alikuwa hajaisikia sauti ile, na sasa ilikuwa hapo sikioni, ina haraka, inamhitaji.

"Ngoja nitazame, mwanangu," alisema. "Itachukua muda kidogo."

Ilichukua dakika arobaini. Fundi alisimama pale muda wote akilinyanyua blanketi kidogo na kulirudisha, huku dobi akimkodolea macho na beseni mkononi.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na blanketi. Palikuwa na kile kibao cha mvua. Fundi alikuwa amekaa wiki nzima akipima, na sasa alijua: kibao kikisogea vidole vinne kuziba tundu, baada ya dakika ishirini mashine zinafika themanini na sita. Vidole vitano, themanini na tisa. Tisini na tano mashine inajizima yenyewe. Aliweka alama za penseli ukutani, safi, kama za kazi ya mteja. Saa kumi kasoro dakika ishirini akasogeza vidole vinne. Saa kumi kamili simu ikaita.

Tusimcheke. Mtu aliyepigana na joto miaka arobaini, sasa anarudi kulibembeleza likae. Lakini saa kumi simu iliita, na Jumapili ya tatu ikaita, na ya kumi ikaita. Alianza kuvaa shati la kola siku hiyo.

"Umechana nywele," dobi alimwambia Jumapili moja, akipita na shuka.

"Kwani kuchana nywele ni kosa?"

"Si kosa. Ila unazichania simu isiyo na picha." Akatazama tundu. "Na hicho kibao mbona umekifunga? Vitu vyangu havikauki."

"Kuna mvua."

Dobi aliangalia juu. Hapakuwa na wingu hata la kumwonyesha mgeni. "Haya, mvua," alisema. Alilitua beseni chini. "Kaka, mimi si mtoto. Mpigie binti yako umwambie umemkumbuka, uache kutesa mashine za watu."

"Mtu hapigi simu kwa ajili ya hilo."

"Sasa watu wanapiga kwa ajili ya nini?"

Fundi alimuuliza kama sabuni imepanda bei. Dobi akabeba beseni lake akaondoka akitikisa kichwa.

Halafu ikaja ile Jumapili ya aibu. Binti alisalimia, akaitikiwa. Badala ya kuuliza lile swali lao, akasema, "Na wewe, Baba, hujambo?"

"Hazijambo," fundi akajibu.

Ulimi ulikuwa umezoea njia.

"Nimekuuliza wewe, Baba."

"Ah, mimi." Alicheka kile kicheko cha kukohoa. "Mimi nitakuwaje? Ila hii ya katikati leo naona inasumbua."

Wakarudi kwenye joto. Alipokata simu alijiona mjinga wa mwisho. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na yeye alikuwa nayo mengi ya kuingia nayo. Angeweza kumwambia kwamba nyumba hii ni kubwa. Kwamba asubuhi akiamka anasikiliza kwanza kama mlango wa chumba kile umelia, ingawa anajua kabisa ni nani yumo humo na ni nani hayumo. Aliyarudia maneno hayo wiki nzima kwa sauti, akiosha kikombe, akifagia, na aliamua kwamba Jumapili akiulizwa tena, atajibu kama mtu.

Jumapili ilifika. Alisogeza vidole vinne, akakaa. Saa kumi simu haikuita. Saa kumi na robo haikuita. Labda joto halijafika kwake, alijiambia, akasogeza hadi vitano. Themanini na tisa. Kimya. Akasogeza tena, sasa bila kupima. Fundi wa miaka arobaini alijua anachokifanya, tusimtafutie udhuru. Tisini na moja, tisini na tatu. Angekuwa anaitazama namba angerudisha kibao. Alikuwa anaitazama simu.

Mashine ya katikati ilipopita tisini na tano ilipaswa kujizima. Lakini joto la Jumapili zote zile lilikuwa limeshaila ndani kwa ndani, na haikujizima. Feni yake ya nyuma ilikwaruza, ikakwama, pakalia mlio mdogo kama njiti inavyovunjika, na harufu ikatoka. Fundi aliifahamu harufu ile kabla haijamfikia vizuri. Aliirukia swichi akaikata.

Nyumba ikanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aifunge ile feni kubwa. Alisikia maji ya bomba yakidondoka kwa jirani, alisikia mtu akiburuta kiti mtaani, na yote yalimkera. Dobi alitokea mlangoni, mikono imejaa povu.

"Mbona kimya? Kuna nini?"

Fundi alikuwa ameichomoa mashine ya katikati, ameipakata mapajani. "Nimeiunguza."

"Umeiunguza au imeungua?"

"Nimeiunguza," alisema.

Dobi, ambaye ulimi wake haujui likizo, hakumtania. Alijifuta mikono kwenye nguo, akaiokota simu sakafuni, akamkabidhi. "Basi neno la kumpigia sasa unalo," alisema.

Simu iliita muda mrefu. Ilipopokewa, sauti ilikuwa nyembamba na ilitetemeka kama alivyojua itatetemeka. "Baba? Kuna nini? Nani?"

"Hakuna aliyekufa," fundi alisema haraka. Hilo alikuwa amelipanga. "Wote wazima. Shangazi yako huyu hapa. Ni mashine ya katikati. Nimeiunguza, mwanangu. Nilikuwa naziba tundu la feni makusudi. Kila Jumapili. Ili joto lipande, kengele ilie kwako, unipigie."

Fundi alifumba macho akingoja.

"Kengele gani, Baba?"

"Si ile ya kwenye simu yako."

"Ile ilipotea nilipobadilisha simu. Ni kitambo sana. Sijaiweka tena."

"Sasa ulikuwa unajuaje kama zinachemka?"

"Sikuwa najua. Nilikuwa nakupigia tu." Binti alivuta pumzi. "Siku ile ya blanketi uliongea na mimi dakika arobaini. Nikasema, kumbe Jumapili saa kumi Baba huwa ana nafasi. Nikitaka kupiga ndiyo naangalia joto kwanza kwenye kompyuta, nipate cha kuulizia."

Fundi alitamani sakafu impokee. Jumapili zote zile, shati la kola, alama za penseli, mashine za watu zinakabwa koo, na simu ilikuwa inakuja tu. Dobi, aliyesimama karibu na kusikia yote, aligeukia ukutani mabega yakimtikisika, na haikujulikana kama anacheka au analia.

"Basi leo," fundi alisema, na hakutaka lisikike kama lawama, "mbona hukupiga?"

Katika kungoja jibu ndipo alipozisikia pumzi za mwanawe, fupi, zenye mkwaruzo mwishoni. Kazi yake yote ilikuwa kusikiliza. Alikuwa akiweka sikio kwenye mgongo wa friji akasema lina nini kabla hajashika bisibisi.

"Wewe, hujambo?" aliuliza.

"Sijambo, Baba."

Ndivyo kila mtu anavyojibu, hata aliyelazwa. Fundi hakulipokea. "Nakuuliza wewe."

Binti alianza kulia kidogo kidogo, kama mtu anayeona haya. Alikuwa na homa, siku ya tatu. Daktari alishamwona, akampa dawa, akasema itashuka. Alikuwa kitandani peke yake na hakutaka baba ajue, maana angejua angefanya nini kutoka huko.

"Ngapi?" fundi aliuliza.

"Asubuhi ilikuwa thelathini na tisa na nusu."

"Umejifunika?"

"Blanketi mbili. Nasikia baridi, Baba. Natetemeka."

"Hakuna baridi hapo. Hilo ni joto limekataa kutoka. Toa blanketi moja. Lowesha kitambaa, maji ya kawaida, si ya barafu, jipanguse shingoni na kwapani. Dirisha fungua kidogo tu. Halafu unywe maji, hata kama huyataki. Nenda, nakusubiri."

Alimsikia akiinuka. Alisikia nyayo, bomba likifunguliwa, dirisha likisukumwa, glasi ikigonga meza. Alimfuata kwa sikio chumba kizima, chumba asichowahi kukiona, mpaka kitanda kilipolia tena.

"Nimefanya," binti alisema.

"Vizuri."

"Baba, usikate."

"Sikati."

"Hata nikilala?"

"Lala, mwanangu. Mimi nipo."

Fundi aliondoa simu sikioni akatazama kioo. Chaji ilikuwa imebaki kamstari kamoja kekundu. Sebuleni mawimbi ya simu wakati mwingine hukatika, na hakutaka kujaribu bahati yake. Alimwashiria dobi, dobi akaenda akarudi na chaja. Fundi akapiga magoti chini ya meza. Waya wa ile iliyoungua aliuchomoa, akachomoa na zile mbili zilizokuwa nzima, moja baada ya nyingine, akazisukuma kando, akachomoa na ile feni kubwa. Akapandisha swichi. Kisha akachomeka chaja kwenye soketi ya katikati.

Waya wa milimita kumi, kutoka kwenye mita hadi ukutani, ukawa unabeba simu moja. Aliilaza simu juu ya meza, sauti imefunguliwa hadi mwisho, akavuta kiti, akakaa kumsikiliza mwanawe anavyopumua.